UNAUZA KONTROLI YA BOTI MTANDAONI? ULIZA HAYA KABLA HUJATAJA BEI

Leo tuongelee spea ambayo wengi wanaiogopa na wengine wanaiuza kwa kubahatisha: kontroli ya boti. Ni ule mkono anaoushika nahodha kuingiza gia, kuongeza resi na kupandisha mguu wa injini. Nitaongelea hasa za boti za zamani za stendraivu, maana ndo zinazosumbua zaidi. Hata kama wewe unauza pampu za maji au mota za cherehani, soma mpaka mwisho, kuna kitu utabeba.

Unajua inavyokuwa. Mteja anatuma picha moja, mkono umepasuka, vitufe vimeliwa na chumvi. Chini ameandika, "Bosi unayo hii? Bei gani?" Unaangalia dukani, unaona inayofanana kabisa. Unajibu bei, anatuma hela, unafunga mzigo. Wiki moja baadaye anakupigia, amekasirika: haiingii, au imeingia lakini boti haitoki kwenye gia. Na boti isiyotoka kwenye gia ikikaribia gati, hapo hatuongelei hela tu, kuna watu wanaweza kuumia.

Kontroli mbili zinaweza kufanana kama mapacha kwa nje, ndani zikawa tofauti kabisa. Kwa hiyo spea hii haiuzwi kwa sura, inauzwa kwa kazi inayofanya. Twende taratibu.

STENDRAIVU NI BOTI GANI?

Boti nyingi za huku kwetu zina mashine ya kupachika nyuma, yote ipo nje. Stendraivu ni tofauti: injini inakaa ndani ya boti, nyuma kabisa, chini ya kifuniko, halafu mguu wenye propela unatokea nje. Zipo chache, nyingi ni boti za matembezi na za kuvulia samaki kwa ndoana zilizoletwa zikiwa zimeshatumika.

Mfumo huu ulianza kuuzwa mwaka 1959, Volvo Penta walipoonyesha Aquamatic kwenye maonesho ya boti ya New York. Mercury wakaja na MerCruiser mwaka 1961. Mwingine aliyekuwa mkubwa ni OMC, kampuni iliyokuwa inatengeneza pia Johnson na Evinrude, na yeye alifilisika mwaka 2000. Nakutajia haya kwa sababu moja: boti ya mteja wako inaweza kuwa na umri wa miaka 30 na imepita mikono mitano. Unaweza kukuta mguu ni wa kampuni hii na kontroli ni ya kampuni ile, kuna mtu alishabadilisha zamani. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye mkono halitoshi. Muulize mteja jina lililo kwenye injini na kwenye mguu pia.

KONTROLI INA KAZI TATU, SIYO MOJA

1. GIA. Mkono ukiwa wima ni nyutro. Ukisukuma mbele kidogo, nyuzi kama 30, gia inaingia. Ukivuta nyuma, inaingia rivasi. Kinachofanya kazi ni kebo ngumu inayosukuma na kuvuta, inatoka kwenye kontroli mpaka kwenye bamba la gia lililopo kwenye injini.

2. RESI. Baada ya gia kuingia, ukiendelea kusukuma mkono unafungua kabureta. Hii ina kebo yake ya pili.

3. TRIMU. Hivi ni vitufe vya umeme kwenye mkono. Vinapandisha na kushusha mguu kwa pampu ya haidroliki, ili pua ya boti ikae sawa kwenye maji au mguu uepuke kugonga chini kwenye maji mafupi.

Ndani ya kontroli nyingi kuna na vitu vidogo ambavyo mteja hawezi kukutajia kwa sababu havijui. Kuna swichi ya nyutro, inayozuia injini isiwake ikiwa kwenye gia. Kuna kitufe cha kuongeza resi bila kuingiza gia, cha kupashia injini moto. Na nyingine zina kamba ya usalama: nahodha anaifunga mwilini, akianguka inachomoka na injini inazima. Kontroli ya zamani ikiwa navyo na mpya haina, umemuuzia mtu boti isiyo na ulinzi iliokuwa nao mwanzo.

KWANZA HAKIKISHA KONTROLI NDO MBOVU

Hapa ndo unapojitofautisha na muuzaji wa kawaida. Mteja wengi wao wanalaumu kontroli kwa sababu ndo wanayoishika. Mpe vipimo hivi vitatu avifanye na fundi wake, injini ikiwa imezimwa.

Kipimo cha gia nzito. Fundi aende kwenye injini, achomoe kebo ya kontroli pale inaposhikana na bamba la gia. Kisha mtu asukume mkono. Ukiwa mwepesi sasa, kontroli na kebo yake ni nzima, tatizo lipo mbele. Kwenye MerCruiser Alpha, mbele kuna kebo nyingine ya chini inayoingia kwenye mguu. Maji yakiingia mle, inashika kutu na kuwa nzito, na mkono unaumia kwa kosa la mwingine. Ukibaki mzito, achomoe kebo na upande wa kontroli. Hapo atajua kibovu ni kebo au boksi.

Angalizo: kwenye Alpha asilazimishe gia iingie injini ikiwa imezimwa. Mtu azungushe propela taratibu kwa mkono huku mwingine anasukuma, na ufunguo usiwepo kwenye swichi. Wakilazimisha wanapinda vitu.

Kipimo cha trimu. Mteja abonyeze kitufe, mwingine asikilize kwenye pampu. Ikilia "tak" lakini mota haizunguki, amri ya kitufe inafika. Aangalie betri, vichwa vya waya, fyuzi, solenoidi na mota yenyewe. Pampu nyingi za MerCruiser zina fyuzi kubwa ya ampea 110 na ndogo ya ampea 20, wengi hawajui kama ile kubwa ipo. Kama hakuna hata "tak", aanze na ile fyuzi ndogo, kisha swichi ya mkononi na waya zake. Waya hizo zinapita kwenye kiungo cha mkono, zinapindwa kila siku, zinakatikia ndani ya mpira bila kuonekana.

Kipimo cha resi. Mmoja asukume mkono mpaka mwisho, mwingine aangalie kabureta. Inafunguka yote? Mkono ukirudi, inafunga yote? Kama mkono unakwenda wote na kabureta inafunguka nusu, mara nyingi ni kurekebisha kebo tu.

Kuna mteja wa Tanga alitaka kontroli nzima, na hela alikuwa nayo mkononi. Nikamwambia afanye kipimo cha kwanza kabla hajalipa. Kumbe ilikuwa kebo ya chini. Akanunua kebo, bei ndogo kuliko kontroli. Lakini toka siku hiyo ananunua kwangu kila kitu cha boti, na ameshaniletea wenzake wawili. Faida ya siku ile ilikuwa ndogo, ya mwaka ni kubwa.

MASWALI MATANO KABLA YA BEI

Moja: mguu ni wa aina gani? MerCruiser Alpha, MerCruiser Bravo, Volvo Penta, OMC Cobra? Usione ni jina tu. Alpha ina swichi inayokata moto wa injini kwa sekunde ndogo sana wakati wa kutoa gia, ili meno yaachiane. Bravo haina mpango huo, inatumia klachi ya koni, na inataka kontroli inayosukuma kebo ya gia safari kamili, karibu inchi 3. Ukiipa kontroli yenye safari fupi, gia haiingii sawasawa, klachi inasagika na kuisha. Na baadhi ya OMC za miaka ya 1970 kurudi nyuma zinabadili gia kwa umeme, hazina kebo ya gia kabisa. Huyo ukimuuzia kontroli ya kebo, umemuuzia pambo.

Mbili: inafungwa wapi? Kuna za ubavuni, zinazofungwa kwenye ukuta wa kulia wa nahodha, na kuna za juu, zinazokaa kwenye dashibodi. Za ubavuni waulize nafasi iliyopo nyuma ya ukuta, na umbali kati ya matundu ya bolti. Mwambie aweke futikamba pembeni ya tundu ndo apige picha.

Tatu: kebo ni zipi? Kebo hazina kichwa kimoja. Kontroli za Mercury zina kebo zenye vichwa vyao. Kampuni nyingine nyingi zinatumia ile inayoitwa 33C, ambayo nyuzi zake za skrubu ni 10-32. Ipo na 43C, nene zaidi kichwani. Ukibadilisha aina ya kontroli, mara nyingi unabadilisha na kebo. Urefu usikisiwe. Kebo nyingi zina namba ya urefu imeandikwa kwenye ganda. Kama imefutika, apime kwa kamba kufuata njia ile ile ya kebo, kona zote, siyo mstari ulionyooka. Ikiwa fupi inavutika, ikiwa ndefu sana inajikunja na kuwa nzito.

Nne: kebo ya resi inasukuma au inavuta? Injini nyingine inafungua kabureta kwa kusukumwa, nyingine kwa kuvutwa. Kontroli nyingi zinaweza kugeuzwa, zipo zisizogeuzika. Mteja akurekodie video fupi ya kabureta wakati mkono unasukumwa mbele, injini imezimwa. Sekunde kumi zinatosha.

Tano: vitufe vya trimu ni viwili au vitatu? Hili swali wengi wanaliruka na ndo lenye hatari. MerCruiser nyingi za zamani zina amri tatu: juu, chini, na ya kunyanyulia mguu wote boti inapopandishwa kwenye trela. Amri ya "juu" inapita kwenye swichi ya kikomo, inayosimamisha mguu kabla haujatoka kwenye fremu inayoushikilia kushoto na kulia. Amri ya trela inaruka kikomo hicho, kwa sababu inatumika boti ikiwa imetulia. Sasa fundi mwenye haraka akipewa mkono wa vitufe viwili, anaunga waya wa "juu" kwenye njia ya trela. Utafanya kazi, tena vizuri. Lakini siku boti ikiwa mbio, nahodha akabonyeza sana, mguu unapanda mpaka unapoteza ushikizi wa pembeni, na injini bado inasukuma. Hapo anavunja vitu vya bei kubwa kuliko kontroli.

Kwa Mercury, rangi za waya ni hizi: buluu yenye mstari mweupe ni juu, kijani yenye mstari mweupe ni chini, zambarau yenye mstari mweupe ni trela. Lakini kwa boti iliyopita mikono mingi, rangi ni dokezo tu. Fundi apime kwa mita.

KAZI YENYEWE INAVYOKWENDA

Muuzaji hufungi wewe, lakini ukiujua mtiririko utamsaidia mteja, na utajua nani anakudanganya akisema "imekuja mbovu".

1. Wafungue kifuniko cha injini, wanuse. Kama kuna harufu ya petroli, kazi isimame mpaka ipatikane inapotoka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini ya boti unasubiri cheche. Wakiridhika hewa ni safi, wachomoe betri, waya wa hasi kwanza.

2. Wapige picha kila kitu kabla ya kugusa. Kila waya ufungwe karatasi yenye namba.

3. Wachomoe kebo upande wa injini kwanza, waweke alama zilipokuwa zimekaa. Kisha wafungue boksi ubavuni, walivute nje taratibu. Waya za trimu ni fupi, wasivute kwa nguvu.

4. Wafungue kontroli ya zamani na mpya, waziweke pembeni kwa pembeni mezani. Wapeleke mikono yote mbele na nyuma, walinganishe safari ya kebo na upande inaoelekea. Kama haziendi sawa, WASIFUNGE. Wakupigie. Kontroli ambayo haijafungwa inaweza kurudi dukani.

5. Kebo zifungwe kwenye kontroli mpya zikiwa zimepakwa grisi ya boti. Pini zote za kuzuia zirudi. Pini moja ikisahaulika, kebo inachomoka baharini.

6. Upande wa injini, mkono ukiwa nyutro, resi irekebishwe mpaka kabureta ifunge yote. Mkono ukifika mwisho, ifunguke yote. Gia irekebishwe kwa kufuata kitabu cha injini hiyo, siyo kwa kukisia.

7. Waya ziungwe kwa viungio vya baharini vyenye mpira unaobana kwa joto. Kusokota na kufunga selotepu hakudumu kwenye chumvi.

8. Majaribio yafanyike boti ikiwa majini, imefungwa gatini kwa kamba imara, hakuna mtu anayeogelea karibu. Feni ya kutoa hewa kwenye chumba cha injini iwashwe angalau dakika 4 kabla ya kuwasha. Wajaribu kuwasha ikiwa kwenye gia: isikubali. Wawashe nyutro, waingize mbele, warudi nyutro, waingize nyuma, kwa resi ya chini kabisa. Wavute kamba ya usalama: izime. Wapandishe mguu kwa kitufe cha "juu": usimame wenyewe kwenye kikomo. Yote haya yakikubali ndo watoke gatini.

Na wewe muuzaji, kitu kimoja hapa. Injini nyingi za petroli za stendraivu ni bloku za General Motors, lita 3.0, 4.3, 5.7, kwa hiyo watu wanapenda kupachika vitu vya gari. Usimuuzie mtu solenoidi, stata au oltaneta ya gari ya kukaa kwenye chumba cha injini ya petroli. Za boti zimefunikwa cheche zisitoke nje. Ya gari kwenye gari, hewa inapita chini. Kwenye boti, mvuke hauna pa kwenda. Hata akikwambia "nipe tu, ni bei rahisi", kataa. Hela hiyo iache.

HESABU YA KUUZA BILA KUULIZA

Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme kwenye kontroli unapata faida 90,000. Parseli ya basi Dar mpaka Mwanza 15,000, umelipa wewe. Haikuingia, inarudi, 15,000 nyingine. Mteja anataka hela yake yote. Kontroli imerudi na waya zimekatwa na mkwaruzo wa bisibisi, huwezi tena kuiuza kama mpya, unaishusha 100,000. Faida 90,000 imekimbia, na umetoa mfukoni 130,000. Maswali matano yangekuchukua dakika kumi.

Kwa hiyo weka sheria za duka mapema, kwa maandishi, kabla hela haijatumwa:

Kontroli inarudi kama haijafungwa na waya hazijakatwa, ndani ya siku utakazotaja. Piga picha pande zote kabla ya kufunga mzigo, mteja azione. Kama ni iliyotumika, sema imetumika, na sema kipi umejaribu na kipi hujajaribu. Na usiandike "inaingia boti zote". Hakuna kontroli ya boti zote.

UJUMBE WA KUNAKILI

"Habari bosi, ahsante kwa kuwasiliana. Ili nikupe kitu kitakachoingia, naomba: 1) picha ya jina la injini na la mguu, 2) picha ya kontroli mbele, nyuma na waya zake, 3) picha ya matundu ya bolti na futikamba pembeni, 4) namba iliyo kwenye kebo, 5) video fupi ya kabureta mkono ukisukumwa, injini imezimwa, 6) niambie vitufe vya trimu ni vingapi na kila kimoja kinafanya nini. Nikishapata nitakupa bei kamili."

Wapo watakaokasirika na kwenda kwa anayejibu bei chapu. Waache waende kwa amani. Atakayekutumia vyote sita ana boti kweli, ana fundi kweli, na hela yake haitarudi kukudai.

Na wewe wa mota za cherehani, kaa na spea unayorudishiwa mara nyingi zaidi, andika inafanya kazi ngapi na inashikana na nini. Maswali yako matano yatatoka hapo.

Mtumie mwenzako anayeuza spea. Kazi njema.